Nimeshakula: Riwaya ya Mwezi Uliosogea

Ndugu msomaji, sina mazoea ya kuja hapa na kitabu cha lugha ya kigeni mkononi. Tumezoea kukutana kwa ajili ya vina na mizani, na kwa ajili ya maneno yaliyo hatarini kusahauliwa. Leo naomba radhi na ruhusa kwa pamoja, kwa kuwa nimesoma riwaya ya Kimarekani iliyoandikiwa vijana, imenikosesha usingizi usiku mara mbili, kisha imenirudisha kwenye neno moja la Kiswahili ambalo nimelisikia tangu utotoni bila kulielewa.

Kitabu hicho hakikuletwa nyumbani na mimi. Binti yangu wa kidato cha pili aliazimwa na mwenzake. Usiku wa kwanza nilipita mlangoni kwake saa tano, taa bado inawaka. Nikamwambia alale. Akanijibu, "Baba, kurasa kumi tu." Saa saba niliamka kunywa maji, taa ilikuwa bado inawaka. Asubuhi yake macho yalikuwa mekundu, nami, kwa wivu wa mtu anayeandika na asiyepata wasomaji wa namna hiyo, nikataka kujua ni nani huyo aliyemwibia mwanangu usingizi.

Jina la riwaya ni Life As We Knew It, ya Susan Beth Pfeffer, iliyochapishwa Marekani mwaka 2006. Hapo kwenye jina tu mpenzi wa lugha atasimama. Tukisema "maisha kama tulivyoyajua", tumefuata maneno lakini tumepoteza maana, kwani mtu hawi na ujuzi wa maisha kama alivyo na ujuzi wa hesabu. Mimi ningesema "Maisha Tuliyoyazoea". Riwaya yote ni habari ya mazoea yanayoondoka moja baada ya jingine, na jinsi mtu asivyotambua kuwa jambo ni mazoea mpaka siku linapomtoka.

Msimulizi ni Miranda, msichana wa miaka 16 anayeishi na mama yake katika mji mdogo wa jimbo la Pennsylvania, mbali na bahari. Ana kaka aliye chuoni, Matt, na mdogo wake, Jonny. Baba amekwisha kuoa mke mwingine, na mke huyo ni mjamzito. Mwezi wa Mei wanasayansi wanatangaza kwamba asteroidi, yaani jiwe kubwa la angani, litagonga mwezi. Hakuna anayeogopa. Walimu wanatoa kazi za nyumbani kuhusu mwezi mpaka wanafunzi wanachoka. Usiku wenyewe majirani wanatoka nje na darubini kama watu waliokwenda kutazama fataki. Jiwe linagonga. Na mwezi, ambao tangu kuumbwa kwa mwanadamu haujawahi kumfanyia mtu jeuri, unasogea karibu na dunia.

Sasa nawaomba wasomaji wa pwani wafikiri kidogo. Sisi hatuhitaji mwanasayansi atueleze maana ya jambo hilo. Marehemu baba yangu alikuwa mvuvi kusini ya Tanga, na saa yake ya ukutani ilikuwa mwezi. Mwezi mchanga na mwezi mpevu alijua ni bamvua, maji yatajaa hadi mizizi ya mikoko na kupwa hadi miamba ionekane. Katikati yake alijua ni maji mafu. Katika pwani yetu, siku za bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita tatu. Nguvu hiyo ya mwezi hubadilika kwa mchemraba wa umbali. Mwezi ulioko umbali wa kilomita 384,000 hivi ukisogea hadi nusu ya umbali huo, nguvu inayojaza na kupwesha bahari haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nane. Kwa hiyo katika riwaya pwani za dunia zinazama kabla Miranda hajamaliza kushangaa, na habari zinamfikia kwa redio kama orodha ya majina ya miji.

Nilipofika hapo nilikumbuka Desemba 26, 2004, tetemeko la chini ya bahari karibu na Sumatra lilipovusha mawimbi hadi upande wetu. Somalia ndiyo iliyoumia zaidi katika Afrika, lakini Tanzania na Kenya nako watu walikufa. Tulikuwa na tufani, dhoruba na gharika, na bado tulilazimika kuazima neno la Kijapani, tsunami, kwa sababu kila neno tulilokuwa nalo lilisema jambo la jirani yake.

Kuna jambo jingine ambalo Miranda, kwa Kiingereza chake, hawezi kulihisi kama tunavyolihisi. Kwetu mwezi wa angani na mwezi wa kalenda ni neno moja. Mwezi huandama, kufunga kukaanza. Mwezi huisha, mshahara ukaingia. Mwanamke huwa mwezini. Mimba huhesabiwa kwa miezi. Na kwa kanuni za mwendo wa vitu vya angani, kilicho karibu huzunguka upesi zaidi. Mwezi uliosogea ungemaliza mzunguko wake kwa siku chache kuliko za sasa. Mwandishi hakuifuata njia hiyo, lakini mimi niliifuata kitandani na kitabu kikiwa kifuani. Nilijiuliza, je, tungebaki kuziita siku thelathini "mwezi", ilhali mwezi wenyewe umekwisha kupita na kurudi? Janga hilo lingevunja nyumba na kamusi kwa pigo moja.

Lakini sikuja kuwapendekezea riwaya hii kwa sababu ya mwezi. Nimekuja kwa sababu ya namna ilivyosimuliwa.

Ni shajara. Miranda anaandika tarehe, kisha anaandika yaliyotokea siku hiyo, na wala hajui ya kesho. Jambo hilo ni dogo kulitaja, na ndilo linalokunyima usingizi. Washairi tulio katika mapokeo ya Kiswahili tumezoea kuyaendea maafa kutokea upande wa pili, yakishapita. Fikirieni Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, utenzi wa mwanzoni mwa karne ya 19. Mshairi anasimama mbele ya majumba ya Pate yaliyokwisha kuwa magofu, wenyewe wamezikwa, naye anaionya nafsi yake. Kila kitu kimekwisha kutokea, kwa hiyo kila kitu kinaweza kupewa maana. Sina neno la kuupunguza utenzi huo. Ni kilele chetu. Ila yule aliyekuwa ndani ya jumba lile wiki moja kabla ya kuanguka, aliyeona ufa ukutani akadhani utazibwa kwa chokaa, hatumsikii. Miranda ndiye huyo. Anaona ufa, kisha anaandika kwamba amegombana na mama yake kuhusu jambo lisilo na uzito.

Na magomvi hayo ni mengi. Msichana huyu hununa, huona kijicho, huhesabu nani kapendelewa. Kuna mahali anakuta chokoleti iliyofichwa ghalani, anaanza kuila kwa siri, na mama yake anamkuta. Sitaeleza adhabu aliyopewa, ila niseme kwamba nimesoma vita na mauaji katika riwaya nyingi na sikumbuki ukurasa ulionikaza koo kuliko huo wa msichana na mfuko wa chokoleti. Mwandishi asiye na subira angempa Miranda ushujaa tangu sura ya pili. Pfeffer anamwacha awe mtoto kwa muda mrefu, ili siku anapolazimika kuwa mtu mzima tuone kwa macho yetu ni kitu gani alichokiacha.

Siku moja baada ya pigo, mama anawachukua watoto shuleni na kuwapeleka kwenye duka kubwa. Anawagawia njia za kupita: huyu achukue supu za makopo, yule mboga, huyu chakula cha paka. Maji, betri, dawa, vibiriti. Miranda anadhani mama amepagawa. Baadaye kidogo tunajua kwamba alasiri hiyo ndiyo iliyowapa uhai. Kisha umeme unaanza kukatika, unarudi kwa saa, halafu kwa dakika. Volkano zinalipuka sehemu nyingi za dunia na majivu yanalifunika jua. Umande wa barafu unaanguka Agosti, katikati ya kiangazi chao. Kaka na mdogo wake wanakata kuni siku nzima, kila siku. Familia inahamia chumba kimoja chenye jiko la kuni. Mafua makali yanapita mjini. Na katika kila ukurasa kuna hesabu ya makopo yaliyobaki na ya mara ngapi kwa siku watakula, na nani.

Hapo kwenye "nani" ndipo niliposimama.

Ni hivi. Chakula kinapopungua, Miranda anaanza kung'amua kwamba mama yake anakula kidogo kuliko wao, halafu kwamba baadhi ya nyakati hali kabisa. Halafu anaona kaka yake naye anapunguza. Halafu anaelewa hesabu iliyofichwa chini ya hesabu: kwamba huenda wasipone wote, na kwamba walio wakubwa wameanza, bila kutangaza, kumchagua mdogo aliye na nafasi kubwa zaidi ya kufika upande wa pili. Hakuna hotuba. Kuna sahani tu, na mtoto wa miaka 16 anayezitazama.

Nilifunga kitabu nikatoka nje kukaa barazani.

Mvua za El Niño zilianza mwishoni mwa mwaka 1997 zikaendelea hadi 1998. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Kijijini kwetu barabara ya kwenda mjini ilikatika, mihogo ikaoza ardhini, na bahari ikachafuka kiasi kwamba baba alishinda akitazama ngalawa yake iliyopinduliwa mchangani kama mtu anayemtazama mgonjwa. Tulikuwa watoto wanne. Jioni mama alipakua ugali, akatuwekea sinia katikati na kibakuli cha mchuzi wa dagaa uliokuwa na maji mengi kuliko dagaa, naye akakaa kando, karibu na mlango wa jikoni, na kikombe cha chai ya rangi. Dada yangu alimwambia, "Mama, njoo tule." Akajibu, "Kuleni wanangu. Mimi nimeshakula."

Alijibu hivyo siku nyingi. Nasi tulikula.

Usiku mmoja niliamka kwenda nje, nikamwona jikoni kwa mwanga wa kibatari, amepakata sufuria, anakwangua ukoko. Nilirudi kulala. Katika akili yangu ya kitoto nilijieleza kwamba mama anapenda ukoko. Maelezo hayo niliyabeba miaka ishirini na kitu bila kuyafungua.

Tazameni lugha ilivyofanya kazi yake pale. Angesema "sili", tungeuliza kwa nini. Angesema "sina njaa", tungemtazama usoni. Angesema "nimekula", mtoto mbishi angeuliza, "Saa ngapi? Nini?" Lakini alisema "nimeshakula". Kiambishi hiki -mesha- ni mkato wa -mekwisha-: nimekwisha kula, jambo limetimia, limefungwa, halina mjadala. Wataalamu wa sarufi hutufundisha kwamba ni hali timilifu. Hawatufundishi kwamba ni mlango, na kwamba mama anaweza kuufunga kwa upole ili watoto wabaki ndani na sahani yao, na yeye abaki nje.

Sasa niungame mbele ya wenzangu wa fani. Nimewahi kutunga mashairi matatu ya kumsifu mama yangu. Yote yana mizani iliyotimia na vina visivyo na dosari. Ndani yake mama ni nguzo, ni taa, ni bahari isiyokauka. Amenibeba miezi tisa. Pepo iko chini ya nyayo zake. Nilipokwenda kuyasoma upya usiku ule, sikukuta hata ubeti mmoja wenye sufuria. Sikukuta ukoko, wala kibatari, wala neno alilolisema yeye mwenyewe kwa kinywa chake. Nilimsifu mama wa kila mtu. Msichana wa kubuniwa wa Pennsylvania, kwa kuandika tu tarehe na idadi ya makopo, amemwona mama yake vizuri kuliko nilivyomwona wangu kwa mishororo yote ile.

Hii haina maana kwamba riwaya haina dosari. Sayansi yake inayumba: jiwe lenye nguvu ya kuusogeza mwezi kwa kiasi hicho nadhani lisingeuacha ukiwa mzima, na mwandishi hajishughulishi kuturidhisha. Dunia iliyo nje ya Marekani ni mwangwi wa redio tu; msomaji wa Lamu, Pemba au Kilwa atatambua kwamba yeye amekufa katika kurasa za mwanzo, na hakuna aliyemtaja. Hilo liliniudhi, na bado linaniudhi kidogo. Tena katikati ya kitabu siku hufanana, kuni na makopo, kuni na makopo. Binti yangu alisema hapo ndipo alipotaka kuruka kurasa, akaogopa kuruka kwa sababu huenda mtu angekufa asipoangalia. Sijapata kusikia sifa bora ya riwaya.

Mwisho wake sitausema. Niseme tu kwamba ukiufikia utataka zaidi, na zaidi ipo: Pfeffer aliandika The Dead and the Gone mwaka 2008, janga lilelile likionekana kutoka New York kwa macho ya Alex Morales, kijana mwenye asili ya Puerto Rico aliyebaki na dada zake wawili, kisha akaandika nyingine mbili. Anzeni na ya Miranda.

Nilipomaliza kusoma nilimpigia mama simu. Yuko kijijini bado, ana wajukuu tisa na mbuzi watatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kwema huko?"

"Kwema. Mama, wazikumbuka mvua zile za El Niño?"

"Nazikumbuka. Zilitubomolea choo."

Nikamwambia kwamba nakumbuka alivyokuwa akikaa mlangoni na chai, akituambia ameshakula. Akanyamaza kidogo. Nilisikia kuku nyuma yake.

"Sasa ningesema nini?" akasema. "Ningesema sina njaa mngejua naongopa. Nikasema nimeshakula, mkanyamaza, mkala. Kwani sasa kuna nini?"

Nikamwambia hakuna kitu, nimesoma kitabu tu. Akacheka. Akaniuliza kitabu gani hicho cha kunikumbusha njaa na mimi mtu mzima mwenye kazi yake. Kisha, kabla ya kukata simu, akaniuliza kama anavyoniuliza kila mara, "Umeshakula?"

Ilikuwa saa tisa alasiri na nilikuwa sijatia kitu kinywani tangu asubuhi.

"Nimeshakula, mama," nikajibu.

Basi wenzangu, riwaya hii nawapendekezea kwa nia mbili. Kwanza, wapeni vijana wenu wa miaka kumi na mitatu na kuendelea, wale wanaosoma Kiingereza; waambieni mapema kuwa ndani yake kuna vifo na njaa, na msiwazimie taa. Pili, isomeni nyinyi mnaoandika. Ken Walibora alipotupa Siku Njema mwaka 1996, kijana aliyeanzia Tanga na kuvuka mpaka kumtafuta baba yake, alituonyesha kwamba kijana wa Kiswahili anaweza kukeshewa na wasomaji. Tuna mafuriko yetu, ukame wetu, bahari yetu iliyo karibu zaidi na mwezi kuliko mji wa Miranda. Binti yangu ameniuliza ni riwaya gani ya Kiswahili iliyo kama hii, inayokwenda siku kwa siku kutoka ndani ya nyumba. Nilimtajia tenzi na riwaya ninazozipenda, akanisikiliza kwa adabu, nami nilijua kwamba sijamjibu.

Jana nilinunua daftari. Nimeandika tarehe juu ya ukurasa, mwaka 1997, na chini yake sentensi moja ya mama, kama alivyoisema. Sijaitafutia kina.